Ile hali ya kuzama kwenye kazi mpaka unasahau saa: inakuja yenyewe au inaitwa?

#1 Mfasiri Mchovu
Wakuu, habari zenu.

Kuna kitu kinanitokea labda mara mbili kwa mwezi na nimechoka kukisubiri. Kazi yangu ni kutafsiri nyaraka. Siku nyingi ni kusukuma mkokoteni kwenye mchanga: sentensi moja, nachungulia simu, sentensi ya pili, nainuka kunywa maji na wala sina kiu. Halafu kuna siku, sijui kimepita nini, nakaa mezani saa 3 asubuhi, nikija kuinua kichwa ni saa 9 alasiri. Kurasa 14 zimeisha. Shingo imekakamaa, sijala, simu ina miito saba ambayo sikuisikia. Na kesho yake nikizisoma zile kurasa, ni nzuri kuliko zile nilizozitolea jasho.

Swali langu: hali hii inakuja yenyewe kama usingizi, au kuna namna ya kuiita? Tafadhali msinipe nasaha za "amka saa 10 alfajiri". Namtaka mtu aliyewahi kuipata kwa makusudi, anieleze alifanyaje.

#2 Kalamu Butu
Naweka mkeka hapa, nawasubiri wataalamu.

#3 Msomi wa Kona
Kitu hicho kina jina na kina mtu aliyekichunguza maisha yake yote: Mihaly Csikszentmihalyi, mwanasaikolojia mwenye asili ya Hungaria aliyefanya kazi Chicago, Marekani. Alizaliwa 1934, akafariki 2021. Alianza kwa kuwaangalia wachoraji miaka ya 1960. Kilichomshangaza ni kwamba mchoraji anasahau njaa na usingizi akiwa na picha, lakini picha ikishakamilika hana hamu nayo tena, anashika nyingine. Maana yake kilichokuwa kinamvuta si picha, ni kule kuchora kwenyewe.

Baadaye akawahoji wapanda miamba, wacheza sataranji, madaktari wa upasuaji, wacheza dansi. Wengi walimwambia ni kama kubebwa na mkondo wa maji, ndiyo maana akaiita mtiririko. Kwa ufupi alisema hali hii hupatikana zaidi pale ambapo unajua hasa unachotakiwa kufanya sasa hivi, unaona papo hapo kama umepatia au umekosea, na ugumu wa kazi unalingana na uwezo wako. Kazi ikizidi uwezo unapata wasiwasi, ikipungua unapata uchovu wa kukinai.

#4 Kalamu Butu
Mkuu, hilo jina umelinakili au umeliandika kwa kichwa? Maana kulitamka tu kunahitaji mtiririko.

#5 Msomi wa Kona
Nimelinakili, sina aibu. Linatamkwa karibu na "Chiksentmihayi".

#6 Sindano na Uzi
Nina miaka 20 na zaidi kwenye cherehani. Hayo ya Msomi #3 nayakubali, ila neno "mtiririko" sijawahi kulisikia kwa fundi yeyote. Sisi tunasema kazi imenoga. Au umenogewa. Ukimwona fundi kanogewa humsemeshi.

Kuhusu kulingana na uwezo, nitatoa mfano. Ukiniletea sketi za sare 40 za saizi moja, ya tatu tu nimeshakinai, mawazo yanazurura. Nilichojifunza ni kujitafutia ugumu mwenyewe. Natia nia kwamba mshono wa ubavuni nitaushona toka juu hadi chini bila kuachia pedeli, mstari usiyumbe. Nikiyumba nahesabu nimefungwa goli. Sketi ni zile zile lakini mchezo umebadilika. Kwa hiyo Mfasiri, mimi nasema inaitwa.

#7 Mzuka wa Jioni
"Kunogewa" ni kwa mtu anayekula. Hii inaitwa mzuka. Mzuka ukipanda umepanda.

#8 Kalamu Butu
Na ukishuka?

#9 Mzuka wa Jioni
Ukishuka unakuja kuandika kwenye nyuzi kama hizi.

#10 Zamu ya Usiku
Mimi ni muuguzi. Nimesoma vigezo vya #3 nikavipima na kazi yangu. Usiku wa kawaida sipati hata dakika kumi za kuzama, kila mara kuna kengele, ndugu wa mgonjwa, dripu imeisha. Lakini akiingia mgonjwa mahututi, hapo ndipo kila kitu kinanyooka. Mikono inajua inakwenda wapi, sisikii kelele, mwenzangu akinyoosha mkono najua anataka nini kabla hajatamka. Nusu saa inakuwa kama dakika tano.

Shida yangu ni hii: sifurahii. Likishaisha natafuta pa kukaa, magoti yanatetemeka. Sasa huo ni mtiririko au ni hofu tu iliyovaa nguo nzuri?

#11 Mwisho wa Muda
Dada #10 umegusa ukweli wenyewe. Hakuna mtiririko, kuna muda unaokwisha. Nipe kazi ya siku kumi, siku tisa nitaitazama. Siku ya kumi saa 2 usiku, nazama kama jiwe kisimani. Mfasiri, zile siku zako mbili za mwezi kacheki kalenda, utakuta ni siku za kukabidhi.

#12 Msomi wa Kona
Hapo kuna kanuni ya zamani ya Yerkes na Dodson, 1908: presha ikiongezeka kidogo ufanisi unapanda, ikizidi unashuka, na kwenye kazi ngumu unashuka mapema zaidi.

#13 Mpinzani wa Kudumu
Msomi, punguza kasi. Yerkes na Dodson walifanya majaribio na panya. Panya walijifunza kutofautisha kisanduku cheupe na cheusi, wakikosea wanapigwa shoti ya umeme. Hakuna bosi pale, hakuna ripoti, hakuna mtiririko. Ule mchoro wa kilima unaowekwa kwenye kila semina ya kazi ulikuja kupanuliwa na watu wengine baadaye.

#14 Msomi wa Kona
Nimekubali kuhusu panya. Ila na wewe ukubali kwamba shoti ya umeme inafanana na bosi wangu.

#15 Mfasiri Mchovu
Mwisho wa Muda #11, nimecheki kalenda kweli. Katika siku nne za mwisho nilizozikumbuka, moja tu ilikuwa ya kukabidhi. Tatu hazikuwa na haraka yoyote. Moja ilikuwa Jumapili na kazi haikuwa hata ya malipo.

#16 Mwisho wa Muda
Basi wewe una matatizo mengine.

#17 Zima Data
Watu wanazunguka mbuyu. Adui ni simu. Ukikatizwa mara moja, ubongo unahitaji dakika 23 kurudi ulipokuwa. Ukikatizwa mara tatu kwa saa ndiyo basi, siku imekwenda. Zima, weka chumba kingine, utaona.

#18 Mpinzani wa Kudumu
Hiyo namba 23 inanukuliwa vibaya kila mahali. Inatoka kwa Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, aliyekuwa akiwafuata wafanyakazi wa ofisi na saa mkononi. Alichokipima ni muda unaopita mpaka mtu airudie kazi iliyokatizwa, na katikati hapo watu walikuwa wameshashika kazi nyingine mbili hivi. Hawakukaa dakika 23 wakiutafuta ubongo wao. Na jambo lingine linalosahaulika: karibu nusu ya makatizo watu walijikatiza wenyewe, hakuna aliyewapigia.

#19 Zima Data
Sawa, lakini simu izimwe tu.

#20 Mama wa Wawili
Nimesoma kuanzia #1 na nina swali moja tu kwa Mfasiri. Saa 3 mpaka saa 9, mfululizo, hujala, simu husikii. Nani alikuwa na watoto?

#21 Mfasiri Mchovu
Sina watoto, dada.

#22 Mama wa Wawili
Nilijua. Sisemi kwa ubaya. Ila hao wachoraji waliosahau kula, kuna mtu nyuma ya mlango alikuwa anakumbuka kwa niaba yao. Mimi nafanya hesabu za maduka ya watu kwa kompyuta nyumbani, na sijawahi kuwa na saa mbili ambazo hakuna aliyeniita. Sio simu, ni sauti. Nikiona naanza kuzama najitoa mwenyewe, maana nikizama na mtoto yuko karibu na jiko itakuwaje?

Nilichobaki nacho ni kitu kimoja: kumsuka binti yangu nywele. Dakika 40, yeye katulia, mimi nimetulia, vidole vinakwenda. Pale ndipo nasahau saa. Wala si kazi.

#23 Zamu ya Usiku
Dada #22, nimekuelewa mpaka kwenye mifupa. "Najitoa mwenyewe" ndiyo maisha ya wodini.

#24 Sindano na Uzi
Kusuka si kazi? Muulize anayelipwa kusuka.

#25 Kodi Isiyo ya Nyumba
Mimi naandika programu, nitajibu lile swali la #1 maana wengi wamelikwepa. Kwangu ugumu haukuwa kuzama, ulikuwa kuanza. Saa ya kwanza ya asubuhi ilikuwa inapotea kwenye "hivi jana niliishia wapi". Sasa nikifunga kazi jioni siimalizi. Naacha jaribio moja la kukagua programu linalofeli, kwa makusudi, na chini yake mstari unaoeleza hatua inayofuata ni ipi. Asubuhi nikifungua, kuna kitu kimoja chekundu kwenye skrini na najua nikigeuzeje kuwa kijani. Kikigeuka, nimeshaingia ndani bila kujiuliza kama nina hamu.

Inafanya kazi siku tatu kati ya tano. Siku nyingine mbili ni mikutano.

#26 Kalamu Butu
Mimi natumia ile saa ya nyanya, dakika 25 kazi, 5 mapumziko.

#27 Kodi Isiyo ya Nyumba
Ile ya Francesco Cirillo? Kwa kazi usiyoipenda ni dawa. Kwa kuzama ni sumu, kengele inalia ndiyo kwanza umeingia.

#28 Kalamu Butu
Naona unasahau kwamba mimi kazi zote sizipendi.

#29 Level Boss
Mimi naipata kila siku bila shida. Nacheza gemu. Hamhitaji profesa: gemu ikiwa rahisi inakupandisha levo, ikikuzidi unarudia, pointi unaziona hapo hapo. Vigezo vyote vitatu vya #3. Nilianza Ijumaa saa 1 usiku nikasikia ndege wanalia.

#30 Zima Data
Na ripoti ya kazini ukaiandika saa ngapi?

#31 Mpinzani wa Kudumu
Level Boss ametoa hoja kubwa kuliko anavyojua. Kuna mwanaanthropolojia, Natasha Dow Schüll, alikaa miaka mingi akiwachunguza wacheza kamari wa mashine kule Las Vegas. Walimwambia hawachezi ili washinde. Wanacheza ili wabaki mle ndani, mahali ambapo saa, madeni na mwili wenyewe havipo. Wengine walisema hata kushinda kunawakera kwa sababu kunakatiza mchezo.

Sasa soma tena maelezo ya wachoraji kule #3: kusahau njaa, kusahau muda, kutokujali matokeo. Mtanionyesha mpaka uko wapi?

#32 Msomi wa Kona
Mpaka ni uwezo. Mashine ya kamari haikufundishi kitu, huwezi kuwa hodari wa kubonyeza. Kupanda mwamba unakua. Csikszentmihalyi mwenyewe alikiri kwamba hali hii inaweza kumtia mtu uteja, na haina wema wala ubaya ndani yake.

#33 Level Boss
Gemu nimekuwa hodari sana, asante.

#34 Sindano na Uzi
Ngoja niwape kisa ambacho nilikuwa nakificha. Mpinzani kanifungua mdomo.

Kuna msimu nilikuwa na mashati ya kwaya. Kitambaa kina upande wa mng'ao na upande uliofifia. Siku hiyo nilinogewa, tena sana. Mashine inaimba, mshono umenyooka kama rula, kila kona ya kola imechongoka. Nilishona kola 11 bila kuinua kichwa. Naweka chini ya kumi na moja, naikunjua niitazame, nakuta nimeweka upande uliofifia nje. Nikachukua ya kumi, vivyo hivyo. Zote 11.

Sasa nawauliza wasomi: ile raha niliyoisikia ilikuwa ya nini? Sikio langu lilikuwa linasikiliza mashine, jicho liko kwenye mstari, na vyote viwili vilikuwa vinaniambia "hongera fundi". Siku ambazo sijanogewa nasimama kila kola naigeuzageuza. Siku hizo sikosei upande.

#35 Kodi Isiyo ya Nyumba
Fundi, hii imenipata vibaya. Nina usiku mmoja niliandika programu kwa saa sita nikiwa mbinguni, majaribio yote kijani, na asubuhi nikagundua nimetatua tatizo ambalo mteja hakuliuliza. Kile unachokiona papo hapo kilikuwa sahihi, ila kilikuwa kinapima kitu kidogo kuliko kazi yenyewe.

#36 Mfasiri Mchovu
Mmenitia wasiwasi. Nilisema kwenye #1 kwamba kurasa zangu za siku hizo ni nzuri zaidi. Naomba nirudie: zilisomeka vizuri zaidi. Sijawahi kuzilinganisha na matini ya asili mstari kwa mstari.

#37 Mpinzani wa Kudumu
Tunakusubiri.

#38 Nyuzi Sita
Najifunza gitaa, na mwalimu wangu angewapinga nyote. Anasema nikiwa nasikia raha basi nacheza, sijifunzi. Kujifunza ni kukaa kwenye zile noti nne zinazonishinda, polepole, huku najisikia mjinga. Nimekuja kuona kwamba mwanasaikolojia Anders Ericsson alikuwa na msimamo kama huo. Kwenye utafiti wake wa 1993 wa wapiga fidla wa Berlin, mazoezi ya peke yako ndiyo waliyoyaona muhimu kuliko yote, ila si kwa sababu ya starehe. Yalikuwa yanachosha. Kwake yeye kuzama ni kitu kimoja na kuongeza uwezo ni kingine.

Kwa hiyo Mfasiri huenda siku zako za kusukuma mkokoteni ndizo zinazokujenga, na hizi mbili za mwezi ni mavuno tu.

#39 Mwisho wa Muda
Mwalimu wako anaonekana mtu wa furaha sana.

#40 Dopa Tu
Jamani ni dopamini, ile kemikali ya ubongo. Mbona mnapoteza muda.

#41 Mpinzani wa Kudumu
Siku hizi ukipoteza funguo ni dopamini, ukizipata ni dopamini. Sema dopamini inafanya nini hapa na kwa nini mara mbili tu kwa mwezi.

#42 Msomi wa Kona
Upande wa ubongo kuna dhana ya Arne Dietrich, ya mwanzoni mwa miaka ya 2000: kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kujikagua na kupanga, hupunguza kazi kwa muda, ndiyo maana mtu hajisikii nafsi yake wala muda. Ni dhana, sisemi imeshinda. Ila inalingana na kola za fundi: mkaguzi alikuwa amelala.

#43 Sindano na Uzi
Mkaguzi huyo nilimlipa mimi, kitambaa kipya mita tatu.

#44 Kichwa Redio
Sijaona mtu kama mimi hapa kwa hiyo naandika. Nina ADHD, ile hali ya ubongo ya kushindwa kuuelekeza umakini, nimepimwa ukubwani. Kuzama nazama sana, ila sichagui wapi. Wiki iliyopita nilitakiwa kutuma maombi ya kazi. Nikaona uchafu kwenye kibodi. Zikapita saa nne nzima, nimeifungua, kila kitufe nimekisafisha kwa pamba. Ugumu ulilingana na uwezo, matokeo niliyaona papo hapo, lengo lilikuwa wazi. Maombi sikutuma.

Watu wakisema "mtiririko ni zawadi" mimi nauliza aliyeituma anwani aliiandika vizuri?

#45 Kalamu Butu
Kibodi kimetakata lakini?

#46 Kichwa Redio
Kama kipya.

#47 Gia ya Tano
Mimi dereva wa masafa marefu. Kuzama kwangu ni usiku, barabara tupu. Kuna wakati nashtuka nimepita mji ambao sikumbuki kuupita. Kama kilomita 40 zimefutika. Mwili unaendesha wenyewe.

#48 Zamu ya Usiku
Kaka, hapana. Hicho si kinachozungumzwa hapa. Kwenye kuzama umakini wote upo kwenye kazi mpaka hakibaki cha kuangalia saa. Wewe umakini umeondoka kabisa, na pengine ulisinzia macho wazi. Nawapokea watu waliofutika kilomita. Ukisikia hivyo tena simamisha gari ulale.

#49 Gia ya Tano
Nimesikia, dada. Asante.

#50 Msomi wa Kona
Kuna kitu sijakitaja. Csikszentmihalyi hakuhoji tu, aliwapa watu peja zinazolia bila mpangilio, kama mara nane kwa siku, kwa wiki nzima. Zikilia unaandika unafanya nini na unajisikiaje. Mwaka 1989 yeye na Judith LeFevre wakatoa matokeo yenye kichekesho: watu walikuwa katika hali hii kazini mara nyingi kuliko kwenye mapumziko, lakini wakiwa kazini ndipo walipotamani zaidi wangekuwa wanafanya kitu kingine.

#51 Mwisho wa Muda
Utafiti huu bosi wangu asiuone.

#52 Mama wa Wawili
Na hizo peja, mara nane kwa siku, hazikuwa zinawakatiza?

#53 Msomi wa Kona
Dada, huo ni ukosoaji halali kabisa.

#54 Mfasiri Mchovu
Nimerudi baada ya wiki. Nilijaribu ya Kodi #25: kila jioni naacha sentensi nusu, na pembeni neno nililokwama nalo. Jumatatu, bila bila. Jumanne, bila. Jumatano nikaanza na ile nusu sentensi, nikainua kichwa zimepita saa tatu na robo. Nikafurahi nikataka kuja kuwashukuru. Nikafungua hapa, haifunguki. Kumbe intaneti ilikuwa imekatika tangu asubuhi. Kwa hiyo sijui nimshukuru Kodi au Zima Data. Alhamisi na Ijumaa intaneti ilikuwepo, nusu sentensi ilikuwepo, mzuka haukuwepo.

Halafu nikafanya alichonitega Mpinzani. Nimelinganisha kurasa za Jumatano na za Ijumaa, mstari kwa mstari na matini ya asili. Za Ijumaa zina sentensi nzito lakini hakuna kilichopotea. Za Jumatano zinateleza vizuri. Na nimeruka aya nzima ya pili, ukurasa wa tano. Ukiisoma hushtuki, pengo halionekani.

#55 Zima Data
Kata intaneti Jumatatu, bila nusu sentensi. Lazima tutenganishe.

#56 Kodi Isiyo ya Nyumba
Hapana, Jumatatu nusu sentensi bila kukata. Usibadili vitu viwili.

#57 Nyuzi Sita
Mimi nauliza hiyo aya aliyoiruka ilikuwa ngumu?

#58 Mfasiri Mchovu
Ilikuwa ngumu kuliko zote kwenye waraka ule.

#59 Sindano na Uzi
Ahaa. Hebu niitazame tena kola.